Mkate, Mifupa na Pensheni: Uingereza Ilivyobishana Juu ya Maskini Wake

Tarehe 6 Mei 1795 mahakimu wa Berkshire, kusini mwa Uingereza, walikutana katika nyumba ya wageni iitwayo Pelican, huko Speenhamland, kando ya barabara kuu itokayo London kwenda Bath. Walikuwa watu wenye nafasi zao, wenye mashamba na makasisi. Majira ya baridi yaliyopita yalikuwa makali mno, mavuno ya mwaka wa nyuma yalikuwa haba, na vita na Ufaransa vilikuwa vimeingia mwaka wa tatu. Bei ya ngano ilipanda bila kusimama. Ujira wa vibarua wa mashambani ulikuwa palepale. Sehemu mbalimbali za nchi watu walikuwa wameanza kuyazuia magari ya nafaka njiani na kuiuza nafaka hiyo wenyewe, kwa bei waliyoiona ya haki.

Mahakimu hao walikuwa wameitwa ili wapange ujira. Sheria ya tangu enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza iliwapa mamlaka hayo, ingawa ilikuwa haitumiki tena. Walipokaa kitako wakaona ujira si wa kuguswa. Wakawasihi wakulima waongeze kwa hiari yao, kisha wakageukia mkate.

Mkate waliouchukua kuwa kipimo ulikuwa na uzito wa ratili 8 na wakia 11, karibu kilo 4. Ukiuzwa shilingi 1, waliamua, kila mwanamume maskini mwenye bidii ahesabiwe shilingi 3 kwa wiki kwa ajili yake, na shilingi 1 na peni 6 kwa ajili ya mkewe na kwa kila mtoto. (Shilingi yao ilikuwa na peni 12, si senti 100 kama yetu.) Kila mkate unapopanda peni 1, mwanamume aongezewe peni 3, na kila anayemtegemea peni 1. Kipato cha familia kisipofika hapo, parokia ijazie kutoka kwenye kodi ya maskini, ambayo kila mwenye nyumba au shamba alitozwa tangu sheria ya mwaka 1601. Kwa jedwali hilo, mtu mwenye mke na watoto 4 alistahili shilingi 10 na peni 6, na hapo ni mkate ukiwa bado rahisi.

Jedwali lile lilikuwa la huruma, wala sidhani ni haki kuwakejeli walioliandika. Lakini hebu litazame kwa macho ya mkulima. Aliyekuwa akimlipa kibarua shilingi 8 alikuwa na sababu gani tena ya kumlipa 10, ikiwa parokia itajazia? Jirani yake mwenye kishamba kidogo, asiyeajiri mtu, alitozwa kodi ileile, kwa hiyo alikuwa akimsaidia mkubwa kulipa vibarua wake. Na kibarua mwenyewe, mtu anayejua kulima, kufunga uzio na kukata manyoya ya kondoo, ikambidi aende kwa mwangalizi wa maskini, kofia mkononi, kuomba kipande cha ujira wake mwenyewe.

Mwaka huohuo mbunge Samuel Whitbread alipeleka bungeni mswada wa kuwawezesha mahakimu kuweka kima cha chini cha ujira. Waziri Mkuu William Pitt aliupinga: ujira, alishikilia, uachwe ujipange wenyewe sokoni. Mswada ukafa mwanzoni mwa 1796. Suala la ujira likavishwa joho la sadaka, na kwa zaidi ya karne moja Waingereza wakabishana juu ya joho.

Mwaka 1798 kitabu kidogo kisicho na jina la mwandishi kilitoka London. Mwandishi alikuwa kasisi wa miaka 32, Thomas Malthus. Alidai kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Ukimpa maskini msaada kwa hesabu ya watoto wake, ataoa mapema na kuzaa zaidi huku chakula kikibaki kilekile, na hivyo sheria za maskini zinawazaa walewale zinaowalisha. Hoja ilikuwa rahisi kushika, na kwa mlipa kodi ilikuwa tamu. Kodi ya maskini ilikuwa ikipanda kweli, kutoka takriban pauni milioni 2 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1780 hadi karibu milioni 8 mwaka 1818. Kwamba idadi ya watu nayo ilikuwa imeongezeka, kwamba bei ya mkate ilikuwa imeruka kwa sababu ya vita, kwamba malisho ya kijiji yalikuwa yamezungushiwa uzio yakawa mali ya watu binafsi, na aliyekuwa na ng'ombe wake mmoja sasa hana pa kumlishia, hayo hayakuwasumbua wengi.

Mwaka 1830 vibarua wa Kent walianza kuzivunja mashine za kupura nafaka, zilizokuwa zimewanyang'anya kazi yao ya majira ya baridi. Barua za vitisho zikazagaa zikiwa na saini ya Kapteni Swing, mtu ambaye hakuwapo. Ghasia zikaenea kusini nzima. Sehemu nyingi madai yalikuwa ya ujira. Serikali iliwanyonga watu 19 na kuwasafirisha mamia kwenda Australia wakiwa wafungwa, halafu, mwaka 1832, ikaunda Tume ya Kifalme. Tume haikuambiwa ichunguze ujira. Iliambiwa ichunguze msaada.

Vichwa vya tume hiyo vilikuwa viwili: Nassau Senior, mchumi wa Oxford, na Edwin Chadwick, mwanasheria mchapakazi asiye na subira na mtu. Walituma maswali kwenye maparokia, na parokia takriban moja katika kila kumi ndiyo iliyojibu. Walituma pia wakaguzi 26 waliozunguka nchi na kurudi na visa: huyu kala msaada na bado analewa, yule ana watoto haramu watano na analipwa kwa kila mmoja. Visa vikajaza ripoti ya 1834. Majibu ya maswali yakachapishwa nyuma, kurasa maelfu, bila mtu kuyajumlisha. Yalikaa hivyo hadi miaka ya 1960, mwanauchumi Mark Blaug alipoyafungua na kuonyesha kwamba hayaungi mkono hukumu iliyotolewa: maparokia yalikuwa yakijazia ujira kwa sababu ujira ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa ya msimu, si kwamba msaada ndio ulioushusha. Jibu hilo lilichelewa miaka 130.

Sheria mpya ilipata saini ya mfalme mwezi Agosti 1834. Msingi wake ulikuwa kwamba hali ya anayesaidiwa lazima iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa anayejitegemea. Kwa kuwa kibarua wa chini kabisa alikuwa akila mkate na viazi na kulala kwenye kibanda kinachovuja, ilibidi akili nyingi zitumike kutafuta hali iliyo mbaya kuliko hiyo. Jawabu likawa nyumba ya kazi. Mtu mzima mwenye nguvu akitaka msaada, aingie humo yeye na familia yake. Mlangoni mume anakwenda upande wake, mke upande wake, watoto upande wao. Wanavuliwa nguo zao na kuvishwa sare. Kazi ni kuponda mawe, au kuchambua kamba kuukuu za meli uzi kwa uzi kwa vidole. Kula kwa mizani, kimya. Aliyeona hawezi, mlango uko wazi, atoke. Na kwa kuwa wengi waliona heri njaa, waliobuni mpango walihesabu kila aliyekataa kuwa ushahidi kwamba hakuwa na shida ya kweli.

Kulikuwa na hofu nyingine ambayo mtu wa pwani au wa bara huku kwetu ataielewa bila maelezo. Sheria ya 1832 iliruhusu maiti ya maskini aliyefia katika nyumba ya kazi, asipotokea ndugu wa kumchukua, ipelekwe shule ya udaktari ikapasuliwe. Ndiyo maana akina mama waliokosa hela ya maziwa ya mtoto walitoa peni yao kila wiki kwenye chama cha kuzikana. Mabibi wa hisani waliwalaumu kwa ubadhirifu huo.

Mjini Andover, Hampshire, nyumba ya kazi iliongozwa na Colin M'Dougal, sajini mstaafu aliyepigana vita vya Waterloo, akisaidiwa na mkewe. Kazi ya wanaume humo ilikuwa kuponda mifupa ya ng'ombe, farasi na wanyama wengine ili iwe mbolea ya kuuzia mashamba. Mifupa ilitiwa ndani ya kinu na kutwangwa kwa mchi wa chuma wa ratili 28. Wavulana walifanya kazi hiyo wawili wawili, kwa kuwa mmoja peke yake hakuweza kuunyanyua. Vumbi liliwaingia machoni, vipande viliwachana nyuso, na harufu iliwakaa mwilini.

Mwaka 1845 mjumbe mmoja wa bodi ya nyumba hiyo, mkulima Hugh Mundy, alisikia maneno akayafuatilia. Ilikuwa kweli. Waponda mifupa walikuwa wakiila: gegedu zilizobaki kwenye maungio, uboho uliomo ndani, hata pale mifupa ilipokuwa imeoza. Mzigo mpya ulipofika waligombania ile iliyo mibichi na kuificha. Uchunguzi ulipofanyika ilionekana kwamba posho rasmi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa ndogo, haikuwa ikiwafikia yote. M'Dougal na watu wake walikuwa wakiipunguza na kujinufaisha. Mbunge Thomas Wakley aliliuliza Bungeni mwezi Agosti, gazeti la The Times, lililokuwa likiipinga sheria tangu 1834, likalikamata jambo hilo na kulirudia siku baada ya siku, na mwaka 1846 kamati teule ilikaa kusikiliza mashahidi. Tume ya makamishna watatu wa London waliosimamia sheria hiyo ikavunjwa mwaka 1847, bodi yenye waziri anayewajibika kwa Bunge ikachukua nafasi yake, na kuponda mifupa kukapigwa marufuku. Nyumba za kazi zenyewe ziliendelea.

Ireland ilipelekewa sheria ya namna hiyo mwaka 1838. Viazi vilipoharibika kuanzia 1845, Bunge la London liliweka sharti mwaka 1847 kwamba mwenye zaidi ya robo ekari hapewi msaada mpaka aiachie ardhi yake. Watu takriban milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi katika nchi iliyokuwa chini ya serikali tajiri kuliko zote duniani.

Nusu ya pili ya karne ile ilikuwa zamu ya wenye hisani. Chama kilichoundwa London mwaka 1869 kuratibu misaada kilituma watu majumbani kuchunguza kila mwombaji, jirani zake na mwajiri wake, ili wapate kumtenga anayestahili na asiyestahili. Nia ilikuwa njema. Walioongoza, kama Octavia Hill na Charles Loch, waliamini kwa dhati kwamba shilingi iliyotolewa ovyo inaharibu moyo wa mtu. Ila katika mafaili yote yale ya tabia, hakuna aliyeuliza shilingi ngapi zinatosha.

Aliyeanza kuhesabu alikuwa mfanyabiashara wa meli kutoka Liverpool, Charles Booth. Kuanzia 1886, kwa fedha zake, aliwatumia maofisa wa mahudhurio ya shule, watu waliojua kila mlango wa mashariki ya London, kukusanya habari za nyumba kwa nyumba. Matokeo aliyachora kwenye ramani za rangi: nyeusi kwa mitaa ya mafukara kabisa, buluu kwa maskini, waridi kwa wanaojiweza kidogo, manjano kwa matajiri. Hesabu yake ilisema asilimia 30.7 ya wakazi wa London ni maskini. Huo ulikuwa mji mkuu wa dola ambayo tarehe 27 Agosti 1896 ilipiga kasri ya Sultani wa Zanzibar kwa mizinga ya meli na kuimaliza vita kabla ya saa moja kupita.

Wenye shaka walisema London ni London, mji wa vurugu, usichukue mfano huko. Seebohm Rowntree, kijana wa miaka 28 kutoka familia ya watengenezaji chokoleti, Wakristo wa Kikweka, akaamua kuupima mji wake, York, mji wa kawaida usio na sifa mbaya. Mwaka 1899 wachunguzi wake walizifikia familia 11,560 za wafanyakazi, karibu zote zilizokuwapo. Kisha alifanya jambo ambalo Booth hakulifanya: aliuliza mwili wa binadamu unahitaji nini. Alichukua utafiti mpya wa lishe, akapanga chakula cha bei ndogo kuliko vyote kinachoweza kumfanya mtu afanye kazi, akaondoa nyama ya bucha kabisa, hata ikawa chakula hicho ni duni kuliko cha nyumba ya kazi. Akaongeza kodi ya nyumba, nguo, moto na taa. Baba, mama na watoto 3: chakula shilingi 12 na peni 9, kodi shilingi 4, mengineyo shilingi 4 na peni 11. Jumla shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Mwenyewe alieleza maana yake: familia inayoishi kwa kiasi hicho isipande treni, isinunue gazeti, isitume barua kwa mtoto aliye mbali, isitoe sadaka kanisani, baba asivute tumbaku wala kunywa bia, mama asijinunulie nguo nzuri, na zaidi ya yote, mpata riziki asiugue hata siku moja.

Kibarua asiye na ufundi mjini York alipata shilingi 18 hadi 21.

Kitabu kilitoka 1901. Kati ya watu wote wa York, asilimia 27.84 walikuwa katika umaskini. Aliwagawa makundi mawili. Asilimia 9.91 hawakuwa na kipato cha kutosha hata wangetumia kila peni kwa busara ya malaika. Waliosalia, asilimia 17.93, walipata cha kutosha lakini sehemu yake ilikwenda kwingine, iwe pombe na kamari au mambo ya maana. Wapinzani, akiwemo Helen Bosanquet wa kile chama cha hisani, walimshambulia hapo: si unaona, ni tabia! Lakini kundi la kwanza lilikuwa limeshawaharibia hoja. Rowntree alipochambua sababu za umaskini wao, ukosefu wa kazi ulikuwa asilimia 2.31 tu. Ugonjwa na uzee, 5.11. Kifo cha baba, 15.63. Wingi wa watoto, 22.16. Na asilimia 51.96 walikuwa katika familia ambazo baba alikuwa na kazi ya kudumu, anaamka alfajiri na kurudi jioni, ila analipwa kidogo.

Kwangu mimi hiyo ndiyo tarakimu muhimu kuliko zote katika historia hii. Miaka mia ya hotuba juu ya uvivu ilikutana na wafanyakazi.

Majenerali ndio waliosaidia kuifanya isikike. Wakati wa vita vya Afrika Kusini, vijana wa mijini walijitokeza kuandikishwa jeshini. Huko Manchester karibu 8,000 kati ya 11,000 walirudishwa kwa udhaifu wa mwili. Dola haiwezi kulindwa na watu wenye vifua vya ndege. Kamati ya kuchunguza udhaifu huo ikaundwa, na mwaka 1906 sheria ikaruhusu watoto wapewe chakula shuleni.

Tume nyingine ya Kifalme juu ya sheria za maskini iliundwa mwishoni mwa 1905. Loch na Bosanquet walikuwamo, Booth naye, na upande wa pili wanaujamaa Beatrice Webb na George Lansbury. Walibishana zaidi ya miaka mitatu na mwaka 1909 wakatoa ripoti mbili zinazopingana. Serikali haikutekeleza yoyote. Ilikuwa imeshapita njia ya pembeni.

Njia hiyo ilikuwa posta. Sheria ya pensheni ya 1908, iliyosukumwa na Waziri wa Fedha David Lloyd George, ilimpa mtu wa miaka 70 mwenye kipato kidogo shilingi 5 kwa wiki, bila kuchangia chochote kabla. Ubishi ulikuwa mkali. Lord Rosebery, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, aliona ni pigo kwa Dola yenyewe. Masharti ya tabia hayakukosekana: aliyekuwa mzembe wa kudumu hapewi, aliyetoka jela hapewi, na mwanzoni hata aliyekwisha kupokea msaada wa parokia hakupewa. Uandikishaji wa vizazi ulikuwa umeanza 1837, kwa hiyo wazee wengi hawakuwa na hati ya kuzaliwa, ikabidi watafute kumbukumbu za ubatizo. Hata hivyo, tarehe 1 Januari 1909 wazee karibu nusu milioni walikuwa wameshakubaliwa. Walikwenda dirisha lilelile walikonunua stempu, wakatoa kitabu chao, wakapewa fedha. Hakuna aliyewauliza wanaishi na nani. Shilingi 5 hazikutosha kuishi. Zilitosha kumfanya bibi asiwe mzigo kwa mkwewe, na hivyo asiishie katika nyumba ya kazi.

Fedha za pensheni hiyo na za manowari mpya zilileta bajeti ya 1909, bajeti ilileta ugomvi na Baraza la Malodi, ugomvi ukaleta chaguzi mbili mwaka 1910, na malodi wakapoteza uwezo wa kuzuia bajeti. Bima ya Taifa ikafuata 1911: mfanyakazi peni 4, mwajiri 3, serikali 2. Mabibi wakubwa walijaza ukumbi wa Albert Hall kulalamika kwamba watalazimika kulamba stempu za bima za watumishi wao wa ndani. Wakalamba.

Baada ya Vita vya Kwanza mambo yalirudi nyuma kwa kishindo. Mwaka 1921 madiwani 30 wa Poplar, mtaa maskini wa mashariki ya London, wakiongozwa na Lansbury, walikataa kupeleka michango ya mtaa wao kwa halmashauri kuu ya mji. Waliona mitaa ya matajiri ina wasio na kazi wachache na kodi nyingi, wao wana kinyume chake. Walifungwa, wanaume kwa wanawake. Waliendesha vikao vya halmashauri wakiwa gerezani, na baada ya wiki sita serikali ikawaachia na kupitisha haraka sheria ya kugawana mzigo.

Miaka kumi baadaye, Novemba 1931, ukaja ukaguzi wa kipato cha kaya. Aliyemaliza muda wa bima alitembelewa nyumbani na ofisa. Kiti kisicho cha lazima kilihesabiwa. Binti akiwa na kazi dukani, mshahara wake ulitolewa kwenye posho ya baba. Vijana wakahama nyumbani, wengine kwa jina tu, ili wazazi wasipunguziwe, na majirani wenye roho mbaya wakapata kazi ya kuandika barua zisizo na jina. Mwezi Oktoba 1936 wanaume 200 wa Jarrow, mji uliokufa baada ya karakana yake ya meli kufungwa, walitembea karibu kilomita 480 hadi London wakiongozwa na mbunge wao Ellen Wilkinson, wakibeba maombi ya kazi. Waziri Mkuu Stanley Baldwin hakuwapokea. Waliporudi walikuta posho zao zimekatwa: walipokuwa njiani hawakuwa tayari kuajiriwa.

Vita vya Pili vilifanya kile ambacho hoja zilishindwa. Mabomu hayakuuliza nani anastahili. Tarehe 1 Desemba 1942 ripoti ya mchumi William Beveridge ilitoka, na asubuhi yake watu walipanga foleni kwenye duka la serikali kununua kitabu kikavu cha majedwali ya bima. Nakala, pamoja na muhtasari, zilipita 600,000. Beveridge alipendekeza bima moja kwa wote, matibabu kwa wote, na posho ya watoto. Kiwango cha chini alikipanga kwa msaada wa kamati ndogo, na mmoja wa waliokaa mezani alikuwa Seebohm Rowntree, sasa mzee wa miaka 71.

Posho ya watoto ilikuwa na mama yake pia. Mbunge Eleanor Rathbone alikuwa ameipigania kwa miaka mingi kwa hoja kwamba mshahara haujui mtu ana watoto wangapi. Serikali ilipokubali mwaka 1945 ikataka fedha ziende kwa baba. Rathbone akatishia kuupinga mswada alioupigania mwenyewe mpaka likaandikwa jina la mama. Alifariki Januari 1946. Malipo ya kwanza, shilingi 5 kwa kila mtoto baada ya wa kwanza, yalitoka Agosti mwaka huo.

Tarehe 5 Julai 1948 bima mpya na huduma ya afya vilianza kazi kwa pamoja, na sheria ya msaada wa taifa iliyoanza siku hiyo ilitangaza katika kifungu chake cha kwanza kwamba sheria za maskini zimekoma. Majengo mengi ya nyumba za kazi yakawa hospitali, na wazee wa mitaa hiyo waliendelea kwa miaka kukataa kulazwa humo.

Rowntree alirudi kuupima mji wake. Mwaka 1936 alikuwa amekuta asilimia 31.1 ya wafanyakazi wa York katika umaskini, kwa kipimo kisicho kikali kama kile cha 1899. Mwaka 1950 alikuta asilimia 2.77. Wanasiasa wakatangaza kwamba kazi imekwisha. Mwaka 1965 watafiti Brian Abel-Smith na Peter Townsend walihesabu upya kwa nchi nzima wakapata maskini wapatao milioni 7 na nusu, na si wachache kati yao walikuwa katika nyumba zenye mtu anayefanya kazi ya kutwa. Serikali ya 1971 ikaanzisha posho ya kujazia mishahara midogo, na waliosoma historia wakaipachika jina la Speenhamland. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima, pauni 3 na peni 60 kwa saa, kilianza Aprili 1999.

Mwezi Aprili 2017 sheria mpya iliacha kutoa msaada wa ziada kwa mtoto wa tatu na wanaofuata, kwa hoja kwamba anayesaidiwa afikiri kabla ya kuzaa kama afikirivyo anayejitegemea. Mwanamke aliyebeba mimba kwa kubakwa aliweza kusamehewa sharti hilo, alimradi ajaze fomu na kueleza. Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba sharti hilo litafutwa kuanzia Aprili 2026. Zaidi ya nusu ya familia zilizokuwa zikinyimwa msaada huo zilikuwa na mzazi mwenye kazi.